Jina Hukuliandika, Lakini Umeniandika Mimi



Juma hili nimeazimia kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho hakikosekani katika nyumba zetu, madrasa zetu na vyama vya akina mama, nacho ni daftari. Sikusudii daftari jipya tuliandikalo leo, bali lile la zamani lililokwisha kazi, likatiwa kabatini, na ndani yake yamo majina ya watu na mambo yao. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa si haki kumwonyesha mwenzako shimo na wewe ukaficha kwamba ulilitumbukia.

Mvunguni mwa kitanda changu lipo kasha la mbao. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikilitia karatasi za maswali niletewayo na akina mama katika darsa baada ya sala ya alasiri. Mwenye haya ya kuuliza mbele ya wenzake huandika swali lake, akalikunja, akalipitisha kwa mtoto. Wengine huandika majina yao na namba za simu ili nipate kuwajibu. Humo mna maswali ya ndoa na talaka, eda na nafaka, madeni na mirathi, na mengine ambayo mwanamke hawezi kumwuliza hata ndugu yake wa tumbo moja. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Basi mimi nilikuwa kata ya mitungi mingi.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwema mwenye ujuzi wa kompyuta, alinishauri tuyatoe yale maswali na majibu yake tuyafanye kijitabu, ili watu wanufaike. Niliona ni jambo la heri. Tulifuta majina yote, hatukuacha hata moja, tukapiga chapa nakala 80, tukazigawa msikitini na katika darsa.

Hata mwezi haukwisha, mama mmoja alikuja nyumbani akifuatana na dada yake. Walikaa ndani na mke wangu, nami nikaitwa nisikilize kutoka upande wa pili wa pazia. Alinitolea shikamoo kwa adabu, kisha akasema, “Sheikh wangu, jina langu hukuliandika, lakini umeniandika mimi.”

Nilikifungua kile kijitabu. Swali lake lilisema kwamba muulizaji ni mke wa baharia, mama wa mapacha, akaaye mkabala na kisima, naye ameweka rehani dhahabu ya mahari yake ili kulipa deni la kaka yake, na mumewe hana habari. Nilikuwa nimemjibu kwamba dhahabu ni mali yake na anayo haki ya kuitumia, ila ni bora amwarifu mumewe kwa wema. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini niambieni, katika mtaa mmoja, ni wake wangapi wa mabaharia walio na mapacha na wakaao mkabala na kisima? Mumewe aliporudi kutoka safari, habari ile aliipata barazani kutoka kwa watu, kabla mkewe hajapata nafasi ya kumweleza. Na yule mama alikuwa akisubiri kurudi kwake ili afuate ushauri wangu huo huo.

Sikuwa na la kujitetea. Nilimwomba radhi. Alinisamehe kwa mdomo, na Mungu ndiye ajuaye ya moyoni, lakini darsani hakurudi kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, nilikosea kuzihifadhi karatasi zile, au nilikosea namna ya kuzihifadhi?

Kuandika si kosa

Wako watakaosema kwamba dawa ni kutoandika kabisa. Sikubaliani nao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hivyo ndivyo zinavyopotea haki na elimu pia. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya inayotuamrisha tuandike madeni. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mungu zimshukie, alipokuwa khalifa alianzisha daftari la majina ya watu na mafungu yao kutoka hazina ya Waislamu, na wake wa Mtume walikuwa miongoni mwa walioandikwa. Bila daftari lile, mwenye sauti kubwa angepata mara mbili, na mjane asiye na mtetezi angerudi mikono mitupu.

Wala kuhifadhi si kazi ya wanaume peke yao. Kurasa za mwanzo za Qurani, zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar, zilipita kwa Umar, kisha zikawekwa kwa mama wa waumini Hafsa, radhi za Mungu ziwashukie wote. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu hakuzichukua kwa nguvu ya ukhalifa wake. Alimwomba Bi Hafsa, akamwahidi kuzirudisha, na baada ya kunakili akazirudisha. Hapo pana mafunzo matatu: mhifadhi alikuwa akijulikana, ruhusa iliombwa, na kilichoazimwa kilirudi kwa mwenyewe.

Basi chama cha akina mama kisichoweka daftari la michango kitaishia katika ugomvi. Madrasa isiyo na orodha ya watoto haitajua nani amekosa kuja, wala itampigia nani simu mtoto akishikwa na homa. Na karatasi za maswali nazo zina faida, kwa sababu swali aliloliuliza mama mwaka 2003 ndilo analoliuliza binti yake leo.

Lakini siri ni amana

Upande wa pili wa mizani, dini yetu imeyafanya maneno ya watu kuwa amana. Tumefunzwa katika hadithi kwamba mtu akikwambia jambo huku akigeuka kutazama kama kuna amsikiaye, basi jambo hilo ni amana kwako, hata kama hakutamka kwamba ni siri. Anas bin Malik alipokuwa mtoto akimtumikia Mtume alitumwa haja fulani, akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake alipomwuliza sababu, alijibu kwamba ilikuwa ni siri ya Mtume. Mama yule hakumkaripia wala hakumbembeleza aitoe, bali alimuusia asimwambie mtu yeyote. Tazameni malezi hayo. Leo ni wangapi kati yetu ambao mtoto akikataa kutuambia jambo tutamsifu kwa kukataa?

Mwanamke aliponipitishia karatasi iliyokunjwa, kule kukunja ndiko kugeuka na kutazama. Aliniambia kwa kitendo kwamba jambo lile ni la masikio yangu. Aliniruhusu kulisoma na kulijibu. Hakuniruhusu kulichapa. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na ndipo wanapokosea wengi: tunadhani kwamba mtu akitupa habari yake kwa haja moja, ametupa kwa haja zote.

Kufuta jina hakutoshi

Nilidhani kosa langu ni la mzee wa madrasa asiyejua mambo ya kisasa. Baadaye nilikuja kujua kwamba wakubwa nao walilitumbukia shimo lile lile. Mwezi wa Agosti mwaka 2006, kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani kumbukumbu za mambo ambayo wateja wake waliyatafuta katika intaneti kwa muda wa miezi mitatu. Watu walikuwa zaidi ya 650,000 na maswali yao yalikaribia milioni 20. Kusudi lao lilikuwa kuwasaidia watafiti. Majina waliyaondoa, wakampa kila mtu namba. Baada ya siku chache tu, waandishi wa gazeti la New York Times waliyasoma maswali ya namba moja, wakaunganisha mji alioutaja na jina la ukoo alilolitafuta mara kwa mara, wakaenda wakabisha hodi kwa bibi mmoja katika jimbo la Georgia. Alikuwa ndiye.

Na yako makubwa zaidi. Katika maswali ya bibi yule mlikuwa na maradhi mengi, na aliyeyasoma angedhani kwamba ni mgonjwa wa kila kitu. Kumbe alikuwa akiwatafutia rafiki zake habari za maradhi yao. Basi daftari lililovuja halitoi siri tu, bali huweza kumzulia mtu jambo ambalo hanalo.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2003. Serikali ya Marekani ilipokuwa ikichunguza udanganyifu wa kampuni ya nishati ya Enron, idara yake inayosimamia nishati iliziweka hadharani barua pepe za wafanyakazi wapatao 150, nazo zilikuwa mamia ya maelfu. Wengi waliotajwa humo hawakushtakiwa kwa lolote. Lakini ndani yake mlikuwa na namba zao za vitambulisho, habari za familia zao na mambo ya ndoa zao. Baadhi waliomba barua zao ziondolewe, na zikaondolewa, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria ya nchi yetu

Yafaa pia mjue kwamba jambo hili si la adabu peke yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na kutolazimishwa kutoa habari za familia yake, au habari hizo kufichuliwa, pasipo haja. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Ofisi ya Kamishna wa kuisimamia. Sheria hiyo inataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisizidi haja, ziwe sahihi, na zisiwekwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwenye habari anayo haki ya kuuliza nini kimeandikwa juu yake, kutaka kisahihishwe, na kutaka kifutwe ikiwa hakina haja tena.

Jambo lililonigusa ni kwamba sheria hiyo imezihesabu afya, itikadi, hali ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na wenzi wa mtu kuwa habari nyeti zinazotaka uangalifu zaidi. Hayo ndiyo yaliyojaa katika kasha langu, na katika madaftari ya madrasa zetu zote. Kwa mtoto ni lazima mzazi au mlezi aridhie. Na si maneno ya kutishia: mwezi wa Septemba mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya nchi hii faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi pasipo idhini ya wazazi wao.

Namna ya kuhifadhi

Baada ya kosa langu nilikaa na wenzangu wa madrasa na akina mama watatu wa darsa, tukawekeana utaratibu. Nawaeleza ili kila chama kichukue kinachokifaa.

Kwanza, tunaandika kinachohitajika tu. Katika orodha ya watoto tunaandika jina la mtoto, jina la mlezi, namba ya simu na maradhi ambayo mwalimu hana budi kuyajua. Zamani tulikuwa tukiandika kama wazazi wameachana. Hatuandiki tena. Tunauliza nani aje kumchukua mtoto, na hilo latosha.

Pili, jina na jambo havikai pahala pamoja. Kila swali hupewa namba. Daftari moja lina namba na maswali, na jingine lina namba na majina, na kila moja lina mtunzaji wake na ufunguo wake. Atakayeliokota moja atakuwa ameokota nusu ya siri.

Tatu, kabla ya kulitumia jambo la mtu kwa kazi nyingine, tunarudi kwake tukamwomba idhini. Akiridhia, tunaondoa jina, na pia tunaondoa alama zinazomtambulisha: kazi ya mume, idadi ya watoto, mtaa, mwaka. Kisha tunampa asome mwenyewe kabla hatujachapa, kwa maana yeye ndiye ajuaye majirani zake watamtambua kwa lipi. Na jibu nalo tunalipitia, kwani mara nyingi swali hufutwa na jibu likabaki likilisimulia upya.

Nne, kila daftari lina mwisho wake. Karatasi za maswali tunaziweka mwaka mmoja, kisha tunanakili hukumu ya sheria peke yake, kama vile dhahabu ya mahari ni mali ya mke, na karatasi yenyewe inachomwa moto. Lakini si kila kitu ni cha kuchomwa. Madeni, mirathi, wakfu na shahada za ndoa na talaka ni haki za watu, na pengine za watoto ambao bado hawajazaliwa. Hayo yanabaki, yamefungiwa, na hafunguliwi ila mwenye haki.

Tano, mtu akitaka jambo lake liondolewe, tunaliondoa wala hatumwulizi sababu. Ila kama jambo lenyewe lina haki ya mtu mwingine, kwa mfano mkopo wa chama, hatuwezi kulifuta kwa ombi la mdaiwa, kwa sababu hiyo ni mali ya wanachama wenzake. Tunalolifanya ni kuhakikisha kwamba wanaoliona ni mweka hazina na katibu peke yao, wala halisomwi kwa sauti katika mkutano. Ikiwa deni limelipwa, linafungwa, na hakuna ruhusa ya kulitaja.

Sita, hatuahidi tusiloliweza. Nilikuwa nikiwaambia akina mama kwamba siri yao haitatoka kamwe. Sasa nawaambia kweli: nitailinda kwa kadiri ya uwezo wangu, watunzaji ni wawili, na karatasi yako itachomwa baada ya mwaka mmoja. Ama jambo ulilolituma katika kundi la WhatsApp lenye watu 200, hilo liko katika simu 200, wala mimi sina mkono wa kuzifikia zote. Mwenye jambo zito na aje mwenyewe, au aandike karatasi.

Picha za wahitaji

Liko jambo moja linalokaribiana na haya ambalo linanisumbua kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani. Wafadhili huleta mchele, unga na mafuta, na kwa haki wanataka kujua kama vimefika. Basi sisi tunampanga mjane na watoto wake, tunamshikisha mfuko, tunampiga picha, tunaisambaza. Mwaka wa pili picha ile ingali inazunguka, na binti yake amekuwa kigori, wenzake wanamwonyesha. Allah ametufahamisha kwamba sadaka ya dhahiri ni nzuri, na ya siri anayopewa fukara ni bora zaidi. Na ikiwa mtoaji anasifiwa kwa kuficha hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, vipi mpokeaji asisitiriwe?

Mfadhili apewe hesabu: mifuko mingapi iliingia, nyumba ngapi zilipata, na sahihi za mashahidi wawili waaminifu. Akitaka kuhakikisha, na aje alione daftari mbele ya mtunzaji, kisha arudi kwao bila ya nakala. Picha ya mifuko yatosha. Uso wa mama si risiti.

Kasha langu leo

Nilizipitia karatasi zote kwa muda wa miezi miwili. Walio hai niliowafikia niliwarudishia zao, mkono kwa mkono. Za marehemu nilizichoma kwa mkono wangu, ila zile zenye wasia na madeni, ambazo niliwakabidhi warithi. Nakala 80 za kijitabu niliziomba zirudishwe. Zilirudi 57. Zile 23 sijui ziko wapi, na kila nikizikumbuka nafahamu kwamba toba yangu haijakamilika.

Yule mama alirudi darsani mwaka uliofuata. Siku ya kwanza hakuuliza neno. Siku ya pili mtoto aliniletea karatasi iliyokunjwa. Nilipoifungua haikuwa na swali lolote, ila sentensi moja: “Sheikh, hii nayo utaichoma lini?” Nilimjibu mbele ya wote bila ya kumtaja, nikasema kwamba kila karatasi itakayonifikia kuanzia siku ile itachomwa baada ya mwaka mmoja, na atakaye kuishuhudia na aje. Mwaka ulipotimia walikuja akina mama wanane.

Basi mama zangu, kabla ya juma lijalo, fungueni makabati yenu. Tazameni madaftari ya zamani ya chama, orodha za arusi, barua za shoga zenu, picha na meseji zilizomo katika simu ambazo mtoto huichezea. Mulizeni kila moja: hii ni haki ya nani, na bado ina haja? Yenye haja ifungieni. Isiyo na haja iondoeni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na vizazi vyetu duniani na akhera, na atujaalie tuwe wenye kuwasitiri wenzetu. Wabillahi tawfiq.